Kufufua wanyama waliotoweka: mapishi yapo, chungu hakuna

Kuanzia mwaka 1909 wapagazi walishuka kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne kwa miguu, wakiwa wamejitwika mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, iliyogeuka mawe. Wajerumani walipofunga uchimbaji mwaka 1913, zaidi ya tani 200 zilikwisha kupakiwa melini kwenda Berlin. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jembe lilishikwa na mamia ya watu wa kusini. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa leo kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na Bungeni kwetu swali huibuka kila baada ya muda: mjusi wetu atarudi lini?

Wapo wanaouliza swali hilohilo kwa maana nyingine kabisa. Arudi, ila arudi anatembea.

Wazo hilo limeenezwa zaidi na kampuni ambayo haijawahi kuwapo. InGen ni kampuni ya kubuni katika riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1990, Jurassic Park, ambayo filamu yake ya 1993 ilizunguka dunia nzima. Mapishi yake ni haya: mbu alimnyonya damu dinosaria, akatua kwenye mti, akanaswa na utomvu, utomvu ukakauka ukawa kaharabu, mamilioni ya miaka baadaye mtaalamu anatoboa kaharabu, anaivuta ile damu, anasoma vinasaba vyake, anajaza mapengo kwa vinasaba vya chura, na yai linaanguliwa. Mapishi yamepangwa vizuri mno hivi kwamba hadi leo ukizungumza na watu kuhusu sayansi ya kufufua wanyama, wengi wanadhani kilichobaki ni fedha tu.

Tangu 2021 fedha zimepatikana. Kampuni ya Colossal Biosciences ya Dallas, Marekani, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Ben Lamm na mtaalamu wa jeni George Church, inasema waziwazi kwamba inarudisha mamothi (tembo wa kale wenye manyoya), dodo (ndege wa Mauritius aliyetoweka) na wengineo. Mwanzoni mwa 2025 ilikadiriwa kuwa na thamani inayozidi dola bilioni 10. Kwa hiyo inafaa kujua, katika mapishi haya, kipi kinapikika na kipi ni hadithi.

Tuanze na utomvu, maana hapo watu wa pwani si wageni. Sandarusi iliyochimbwa Mrima ilikuwa mali kubwa karne ya 19; ilipitia Unguja, ikafika hadi Salem huko Marekani, ikatengenezwa vanishi ya samani. Ukiinua kipande cha sandarusi safi juani unaweza kumwona mdudu ndani, miguu na mabawa vyote vipo, kana kwamba amelala. Sandarusi ni changa, kaharabu ndiyo ya mamilioni ya miaka. Mwaka 2013 watafiti wa Manchester, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio la kutafuta DNA, uzi unaobeba vinasaba, katika wadudu walionaswa ndani ya sandarusi ya Kolombia, ambayo umri wake haukuzidi sana miaka 10,000. Hawakupata DNA ya kale ya kuaminika. Umbo la mdudu lilikuwapo, maandishi yake hayakuwapo. Ikiwa sandarusi ya juzi haihifadhi, kaharabu ya enzi za dinosaria itahifadhi nini?

Sababu ni kwamba DNA ni uzi dhaifu. Ni mnyororo mrefu wa herufi nne zinazojirudia kwa mpangilio tofauti. Wa binadamu una herufi zipatazo bilioni 3. Mwili ukiwa hai, seli huukarabati uzi huo kila siku. Ukifa, ukarabati unakoma, na maji, bakteria na joto vinaanza kuukata. Mwaka 2012 watafiti walipima mifupa 158 ya moa, ndege mkubwa aliyetoweka New Zealand, wakaona kwamba katika mazingira ya wastani wa nyuzi 13 hivi, nusu ya viungo vya uzi hukatika kila baada ya miaka 521. Si kwamba baada ya miaka 1,042 vyote vimekwisha. Inayobaki hukatwa nusu, kisha nusu ya nusu, hadi zinabaki chembe zisizosomeka. Baridi kali inachelewesha, joto linaharakisha. Ndiyo maana DNA ya kale zaidi iliyosomwa hadi sasa, ya miaka milioni 2 hivi, ilitoka kwenye udongo wa kaskazini mwa Greenland, wala si kwenye nchi zenye jua.

Dinosaria wa mwisho walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Wa Tendaguru wana miaka ipatayo milioni 150, tena wamezikwa kwenye joto la Lindi. Mjusi wetu anaweza kurudi kwa meli. Kwa maabara hawezi.

Mamothi ni habari nyingine. Wa mwisho waliishi kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Urusi, hadi miaka 4,000 hivi iliyopita, wakati piramidi za Misri zimeshajengwa. Barafu ya Siberia imehifadhi nyama, manyoya na meno yao, na herufi zao nyingi zimesomwa. Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kusoma herufi si kumpata mnyama. Kwanza, kinachosomwa ni vipande. Fikiria gazeti lililochanwa hadi kila kipande kina maneno mawili au matatu. Huwezi kulipanga upya bila nakala ya gazeti linalofanana nalo, na hiyo ni jenomu, yaani herufi zote za DNA, ya ndugu aliye hai: tembo wa Asia. Unalaza kila kipande juu yake pale kinapooana. Sehemu ambazo mamothi alikuwa na kitu ambacho tembo hana kabisa, kipande hakina pa kulala, na pengo linabaki. Pili, hata ukiwa na herufi zote kwenye kompyuta, una karatasi ya mapishi tu. Karatasi haijiviki nyama. Inahitaji yai la kuisoma, tumbo la kulibeba lile yai, na mama wa kulea kinachozaliwa. Chungu, jiko na mpishi.

Njia ya kweli kabisa ya kumrudisha mnyama yuleyule ni kunakili, kama alivyonakiliwa kondoo Dolly huko Scotland mwaka 1996. Unachukua seli nzima ya mnyama, unatoa kiini chake, unakiweka ndani ya yai lililoondolewa kiini, unalishtua kwa umeme kidogo ligawanyike. Lakini kiini lazima kiwe kizima, kimetoka kwenye seli hai au iliyogandishwa kitaalamu. Nyama iliyoganda yenyewe kwenye matope ya Siberia haifai. Barafu ya porini hupasua seli.

Njia hiyo imeshajaribiwa kwa mnyama aliyetoweka, na ni kisa ambacho hakisimuliwi vya kutosha. Katika milima ya Pyrenees, mpakani mwa Hispania na Ufaransa, aliishi mbuzi mwitu aitwaye bucardo. Mwaka 1999 alikuwa amebaki mmoja, jike waliyempa jina Celia. Wataalamu walimkamata, wakakata vipande vidogo vya ngozi, wakagandisha seli, wakamwachia akiwa na kifaa cha redio shingoni. Januari 2000 alikutwa amekufa, ameangukiwa na mti. Spishi ndogo nzima ilikwisha kwa tawi.

Seli zilibaki. Watafiti walitengeneza mayai kwa mamia kwa kutumia mayai ya mbuzi wa kufugwa, wakapandikiza viinitete 208 katika majike 57. Saba walishika mimba. Mmoja tu alifikisha siku zake, na tarehe 30 Julai 2003 kitoto kilitolewa kwa upasuaji. Kilikuwa bucardo kwa kila kipimo cha DNA ya kiini, isipokuwa kile kiasi kidogo cha DNA kinachokaa nje ya kiini, ambacho kilikuwa cha mbuzi mwenye yai. Pafu lake lilikuwa na kasoro. Kiliishi dakika chache. Bucardo ndiye mnyama wa kwanza kurudi kutoka kutoweka, na pia wa kwanza kutoweka mara mbili. Na hata kingeishi, kingekuwa jike peke yake duniani, maana Celia hakuwa na dume wa kunakiliwa.

Weka kichwani hesabu ile ya majike 57 kwa kitoto kimoja, kisha badala ya mbuzi weka tembo. Mimba ya tembo ni miezi 22. Tembo wa Asia mwenyewe yuko hatarini kutoweka. Nani atatoa majike 57?

Kwa kuwa seli nzima ya mamothi haipo, Colossal na wenzake wanafuata njia nyingine, kuhariri jeni. Hapa humrudishi aliyekufa. Unamchukua ndugu yake aliye hai, unabadilisha herufi chache ili afanane na marehemu. Ni kama fundi anayechukua koti la sasa na kushona juu yake kola, vifungo na mifuko ya koti la babu aliyoiona kwenye picha. Akiwa fundi mzuri utamsifu. Akikuambia hili ndilo koti la babu, utamuuliza vizuri.

Na hilo ndilo lililotokea Aprili 2025. Colossal ilitangaza kwamba imemrudisha mbwa mwitu mkubwa wa kale wa Amerika, Aenocyon dirus kwa jina la kisayansi, aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Watoto watatu, Romulus, Remus na Khaleesi, walionyeshwa wakiwa na manyoya meupe kama pamba. DNA ya kale ilisomwa kutoka jino la miaka 13,000 na fuvu la miaka 72,000. Kisha seli za mbwa mwitu wa kijivu wa leo zikahaririwa mahali 20 katika jeni 14, kiini kikawekwa kwenye mayai, na majike ya mbwa wa kufugwa wakabeba mimba.

Fanya hesabu mwenyewe. Kampuni ilisema wanyama hao wawili wanafanana kwa asilimia 99.5. Jenomu ya mbwa mwitu ina herufi bilioni 2.4 hivi. Nusu ya asilimia moja ya hizo ni milioni 12. Zilizobadilishwa ni 20, na baadhi yake hazikutoka kwa yule wa kale kabisa, bali zilichaguliwa kwa sababu zinajulikana kuleta rangi nyeupe bila madhara. Wataalamu wa jamii ya mbwa katika shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, walitoa tamko kwamba watoto hao si Aenocyon dirus wala si mbadala wake. Baadaye mwanasayansi mkuu wa kampuni, Beth Shapiro, mwenyewe alieleza kwamba ni mbwa mwitu wa kijivu wenye mabadiliko 20.

(Kiswahili nacho kina deni hapa. Sisi humwita “mbwa mwitu” yule mwenye mabaka wa Selous na Ruaha, na jina hilohilo tunampa wa kijivu wa Ulaya na Amerika. Si ndugu wa karibu hata kidogo. Jina halijawahi kumfanya mnyama kuwa mwingine.)

Sisemi kazi yao ni bure. Kuhariri sehemu 20 kwa mpigo na bado ukapata mnyama mzima mwenye afya ni ufundi mkubwa, na kupata seli za kunakili kutoka kwenye damu badala ya kukata ngozi kutawasaidia wengine. Ninachokataa ni neno. “Kufufua” ni neno zito katika lugha yetu; anayelitumia anadai kwamba aliyekufa ndiye aliyeamka. Hapa aliyekufa bado amekufa, na amezaliwa mwingine aliyevalishwa sura yake.

Ajabu ni kwamba Afrika Kusini walitangulia kufanya jambo linalofanana na hilo bila maabara, tena kwa maneno ya kiasi. Kwaga alikuwa pundamilia ambaye milia yake iliishia mabegani, nyuma akawa wa kahawia kama punda. Wa mwisho alikufa Amsterdam Agosti 1883. Mwaka 1984 kipande cha ngozi yake iliyokauka kilitoa DNA ya kwanza kusomwa kutoka kwa mnyama aliyetoweka, na baadaye ikaonekana alikuwa jamii ya pundamilia hawahawa wa nyanda tunaowaona Serengeti. Mwaka 1987 Reinhold Rau akaanza kuchagua pundamilia wenye milia hafifu na kuwazalisha, kizazi kwa kizazi, kama mfugaji anavyochagua madume. Leo wapo wenye makalio ya kahawia yasiyo na milia. Wanaitwa “kwaga wa Rau”, jina linalokiri lenyewe kwamba si kwaga wa asili.

Dodo na ndege wengine nitawapitia haraka: ndege hanakiliki kwa njia ya Dolly, kwa kuwa yai lake ni ute na kiini kikubwa cha njano ambacho chembe ya uhai imejificha juu yake, na likitagwa kazi imeshaanza zamani. Kinachojaribiwa ni kuhariri zile seli changa zitakazokuja kuwa mayai na mbegu, kisha kuzipandikiza katika ndege mwingine. Ni njia ndefu.

Tuseme yote hayo yamewezekana. Mnyama amezaliwa, anapumua. Umpeleke wapi?

Watanzania tuna jibu la swali hilo, ingawa tunalikumbuka kama mzaha wa Bungeni: vyura wa Kihansi. Chura yule mdogo wa manjano, anayezaa vitoto badala ya kutaga mayai, alionwa na wanasayansi mwaka 1996 kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa. Dunia yake yote ilikuwa hekta zisizozidi 2 zilizoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme na mvuke ukakatika. Vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani, wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Huku nyumbani yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza ukungu badala ya maporomoko, lakini mwaka 2003 waliobaki walianguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ulikutwa kati yao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 kundi la kwanza likarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Wengi walicheka: chura anapanda ndege? Lakini tazama kilichogharimu. Chura alikuwa hai muda wote, hakuhitaji kunakiliwa wala kuhaririwa. Kazi ngumu ilikuwa kumrudishia ukungu wa maporomoko, kwa mabomba, na kuhakikisha ugonjwa haumsubiri pale pale. Kampuni inayoahidi mamothi inapaswa kwanza kuonyesha nyika ya baridi atakayolisha na watu wanaoishi hapo wamesema nini.

Ndiyo maana, katika habari yote hii, ninayemtazama kwa makini zaidi hayuko Dallas. Yuko Laikipia, Kenya, kwenye hifadhi ya Ol Pejeta.

Kifaru mweupe wa kaskazini aliishi Uganda, Chad, Sudan, Afrika ya Kati na Kongo. Vita na majangili wa pembe walimmaliza. Wa mwisho porini walikuwa Garamba, Kongo. Desemba 2009 wanne waliokuwa kwenye bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, waliletwa Ol Pejeta kwa matumaini kwamba nyasi na jua la Afrika vitawafanya wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa 2014. Sudan, dume la mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45. Wamebaki wawili, Najin na binti yake Fatu, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba.

Mapishi ya hapa ni tofauti, kwa sababu viungo vingi bado vipo. Mbegu za madume waliokufa zimegandishwa. Tangu Agosti 2019 madaktari wa mradi wa BioRescue, wakishirikiana na Ol Pejeta na Shirika la Wanyamapori la Kenya, humlaza Fatu kwa dawa, huvuta mayai kwa sindano ndefu inayoongozwa na picha za mawimbi ya sauti, na mayai husafirishwa upesi hadi Cremona, Italia, yakutanishwe na mbegu. Najin naye alitolewa mayai, hadi 2021 alipopumzishwa kwa umri na afya yake. Viinitete zaidi ya 30 vimepatikana, vimehifadhiwa kwenye nitrojeni baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hapa haihitajiki kukisia herufi hata moja: baba na mama wote ni wa kaskazini. Tumbo litakuwa la kifaru mweupe wa kusini, binamu wa karibu, ambaye bado wapo maelfu.

Kabla ya kutumia viinitete hivyo adimu walifanya jaribio kwa kiinitete cha kusini, Septemba 2023. Mimba ilishika. Novemba mama alikufa kwa maambukizi ya bakteria baada ya mvua kubwa, na alipopasuliwa alikutwa na kijusi dume cha siku 70, urefu sentimita 6.4. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kifaru kubeba mimba ya kupandikizwa, na habari ilitangazwa Januari 2024 kwa furaha na majonzi pamoja.

Tatizo linalobaki ni lile la Celia kwa sura nyingine. Mayai yote yaliyotoa viinitete ni ya Fatu, na kundi la ndugu wa tumbo moja halina maisha marefu. Kwa hiyo kuna kazi ya pili: San Diego, Marekani, zimehifadhiwa kwenye baridi seli za vifaru 12 wa kaskazini, na watafiti wanajaribu kuzigeuza seli za ngozi kuwa mayai. Kwa panya imewezekana tangu 2016. Kwa kifaru wamefika hatua ya seli changa zinazoelekea huko.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunasema, na kwa nyoka ni kweli. Huanguliwa akijua kila kitu. Kifaru mweupe hajui. Hutembea na mama yake miaka, akijifunza nani wa kumsogelea na nani wa kumkimbia, na akizaliwa na kulelewa na mama wa kusini atajifunza ukusini. Watafiti wanataka ndama wa kwanza apatikane wakati wale wawili wa Laikipia wangali hai, ili alishe pamoja nao. Mimba ya kifaru ni miezi 16. Fatu alizaliwa mwaka 2000, Najin mwaka 1989, na kifaru mweupe aliyetunzwa vizuri hufika miaka arobaini na kitu.